Ubingwa wa wawili si nusu ya ubingwa

Mwezi Julai 2022 binti wa Kenya mwenye umri wa miaka 18, Angella Okutoyi, alitwaa ubingwa wa Wimbledon kwa wasichana, upande wa wachezaji wawili wawili. Kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kushika taji la Grand Slam la aina yoyote, awe mkubwa au mdogo, mwanamume au mwanamke. Habari ilipofika huku mwambao niliisikia ikijadiliwa hapa Magara, kando ya vichanja vya ndagala, na mzee mmoja mfanyabiashara akauliza: "Alishinda peke yake?" Akajibiwa hapana, alikuwa na mwenzake, msichana wa Uholanzi. Mzee akatikisa kichwa. "Basi ni nusu," akasema, na mazungumzo yakarudi kwenye bei.

Namheshimu mzee yule, lakini katika hili sikubaliani naye. Wala si yeye peke yake anayepiga hesabu hiyo. Magazeti yetu huipiga, vyama vya michezo huipiga, na mzazi mwenye kipaji nyumbani huipiga pia. Mchezaji akishinda peke yake ni shujaa wa taifa. Akishinda na mwenzake, anapewa mistari minne chini ya habari za kandanda. Mimi nasema hesabu hiyo ya nusu ni mbovu, na wanaoilipia ni watoto wa nchi ndogo kama yetu, kwa sababu inawafanya wapite bila kuutazama mlango ambao kwao uko wazi kidogo kuliko mingine.

Tuanze na mchezo wenyewe wa siku ile, maana wengi walisikia matokeo tu. Okutoyi na mwenzake, Rose Marie Nijkamp, walicheza fainali dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada. Walipoteza seti ya kwanza 3-6. Wakarudi, wakachukua ya pili 6-4. Katika mashindano yale seti ya tatu haichezwi yote, bali huwa kuna mbio za kufikia pointi 10, na lazima umpite mwenzako kwa pointi mbili. Walimaliza 11-9. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo jozi zote mbili zilisimama kwenye 9-9, kwenye nyasi za Wimbledon, na taji zima likabaki juu ya mipira miwili. Atakayeniambia kwamba moyo unaohitajika hapo ni nusu moyo, basi hajawahi kusimama mahali pa namna hiyo.

Na hao walioshindwa hawakuwa watu wa kubahatisha. Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo ya ng'ambo ya ziwa letu, alikuwa na miaka 15 tu wakati ule. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, alitwaa ubingwa wa wazi wa Canada mjini Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka katika fainali. Huyo ndiye aliyekuwa upande wa pili wa wavu.

Okutoyi hakutoka nyumba ya raha. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake, Roselida Asumwa, na walilelewa na bibi yao Nairobi. Walianza kushika raketi wakiwa wadogo sana, na pacha huyo naye akawa mchezaji. Mtu aliyekua akigawana kitanda, sahani na uwanja na mwenzake amejifunza kitu ambacho mwalimu hawezi kukifundisha kwa mwezi mmoja: kujua mwenzako anakwenda wapi bila kumtazama. Huo ni uoni wangu, hakuna aliyeniambia. Lakini wanaocheza tenisi ya wawili wanajua kwamba nusu ya kazi ni kulinda pale ambapo mwenzako ameacha wazi.

Sasa nije kwenye maisha ya kazi, maana hapo ndipo wasomaji wetu wafanyabiashara watanielewa upesi. Katika tenisi kuna orodha mbili za viwango vya dunia, moja ya wachezaji mmoja mmoja na nyingine ya wawili wawili. Anayetaka kuingia mashindano peke yake hupimwa kwa namba yake mwenyewe. Namba ikiwa mbaya, anabaki nje ya lango au anaanza kwenye mchujo. Wawili hupimwa kwa kujumlisha namba zao. Maana yake ni kwamba mchezaji mwenye namba dhaifu akipata mwenzake mwenye namba nzuri, wote wawili wanaingia. Wewe unayevusha mzigo unaijua biashara hii vizuri. Mwenzako yuko Manyovu upande wa Kigoma, anajua chumvi ya Uvinza inapatikana kwa nani na gari lipi linaondoka saa ngapi. Wewe uko Rumonge, unajua nani atainunua na nani hulipa kwa wakati. Peke yake kila mmoja angekwama Mugina. Mkigawana faida jioni, hakuna anayesema mmefanya nusu ya biashara.

Na katika kutafuta mwenzi huyo hakuna mpaka. Ukiacha mashindano ya mataifa, jozi haiulizwi pasi mbili zinafanana rangi. Mkenya alicheza na Mholanzi. Msichana wa Bujumbura anaweza kucheza na wa Dar es Salaam, wa Kampala au wa Kigali, na ushindi ukaandikwa kwa bendera zote mbili. Kwa nchi ambayo haiwezi kutoa wachezaji kumi wa kiwango cha juu, hiyo si faida ndogo. Unahitaji kutoa mmoja, kisha utafute wa pili sokoni.

Afrika Mashariki yetu ina mfano wa zamani ambao umesahauliwa mapema mno. Paul Wekesa wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1967, alipitia chuo cha Chapman huko California, akaingia kwenye tenisi ya kulipwa, na akatwaa mataji matatu ya wawili wawili katika mashindano ya daraja la juu la wanaume. Matatu, ndugu msomaji, enzi ambazo simu ya kwenda Ulaya ilikuwa jambo la kupanga foleni posta. Waulize vijana kumi wapenda michezo kuanzia Nairobi hadi Nyanza-Lac kama wanalijua jina hilo. Angeyashinda mataji hayo peke yake, nadhani leo kungekuwa na uwanja wenye jina lake.

Mfano mkubwa zaidi uko kusini. Cara Black alizaliwa mwaka 1979 katika mji ambao sasa ni Harare. Baba yake, Don Black, aliyewahi kucheza Wimbledon, alitengeneza viwanja vya nyasi kwenye shamba lake, na hapo akawafundisha wanawe wawili, Byron na Wayne, pamoja na binti huyo. Cara alipocheza peke yake hakuvuka nafasi ya 31 duniani. Ni nafasi ya heshima, lakini si ya kumtia mtu kwenye historia. Alipocheza na mwenzake alikaa nafasi ya kwanza duniani kwa wiki 163, na akatwaa mataji 10 ya Grand Slam: matano ya wanawake wawili na matano ya mwanamke na mwanamume. Mawili kati ya hayo alishinda na kaka yake Wayne, Ufaransa mwaka 2002 na Wimbledon mwaka 2004. Kaka yake mkubwa, Byron, alikuwa ametwaa ubingwa wa Ufaransa wa wanaume wawili mwaka 1994. Nyumba moja, mchezo mmoja, na karibu kila kikombe kikubwa kilikuja kwa njia ya wawili.

Mwenzi wake mkuu alikuwa Liezel Huber, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Mmoja kaskazini ya mto Limpopo, mwingine kusini yake. Pamoja walishinda Wimbledon mwaka 2005 na 2007, Australia mwaka 2007 na Marekani mwaka 2008. Katikati ya miaka hiyo Huber alipata uraia wa Marekani, 2007, akaendelea kucheza na Mzimbabwe wake kama kawaida. Wasomaji wetu wengi wanalijua jambo la uraia kuliko mimi ninavyoweza kulieleza: wapo waliotoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakarudi hapa, na wapo ndugu zao waliobaki huko wakapewa uraia wa Tanzania. Karatasi zilitengana, lakini biashara na undugu havikutengana. Jozi ile ya Black na Huber ilivunjika mwaka 2010, kama ushirika mwingi unavyovunjika, ila hakuna aliyerudi kuwanyang'anya vikombe kwa sababu pasi zilikuwa mbili.

Najua jibu linalokuja. Watasema tenisi ya wawili ni makimbilio ya walioshindwa, kwamba vigogo hawaijali, na kwamba wangeijali wangewafagia hawa wote. Jibu la hoja hiyo lilipatikana New York, Agosti 2025. Waandaaji wa mashindano ya wazi ya Marekani waliamua kuwaita vigogo wa mmoja mmoja waje wacheze mashindano ya mwanamke na mwanamume, wakaweka zawadi ya dola milioni moja kwa jozi itakayoshinda, na mechi zikafupishwa ili wasichoke. Wengi waliozoea kucheza wawili wawili walilalamika kwamba wamefungiwa mlango. Sara Errani na Andrea Vavassori wa Italia, waliokuwa mabingwa watetezi, waliruhusiwa kuingia. Errani ni mwanamke mfupi, si mtu wa kupiga mpira wa kuanzia wa kutisha. Fainali waliwakuta Iga Swiatek na Casper Ruud, majina makubwa mawili, na wakawashinda. Ikaonekana kwamba kucheza wawili ni ufundi unaojitegemea. Ni kama kuendesha mtumbwi wenye makasia mawili: ukiwa na nguvu nyingi bila kufuata mapigo ya mwenzako, mtazunguka palepale.

Lakini nisimdanganye mzazi. Fedha za wawili ni ndogo. Wimbledon ya mwaka 2024 bingwa wa mmoja mmoja alipata pauni 2,700,000. Jozi iliyoshinda ilipata pauni 650,000, nao wakagawana. Huko juu bado ni mali. Huko chini, kwenye mashindano madogo ambako kila kijana wa Afrika lazima aanzie, zawadi yote ya wiki nzima huwa dola 15,000 kwa wachezaji wote, na jozi inayotwaa ubingwa huondoka na kiasi kisichofika dola 1,000, wagawane, kisha walipe hoteli, chakula, tiketi na viza ya wiki ijayo. Anayesema tenisi ya wawili itamtajirisha mtoto wako mwaka huu anakuuzia chumvi iliyolowa.

Hata hivyo, pima na upande wa pili. Mchezaji aliyetolewa mapema kwenye mmoja mmoja, kama hana mwenzi, hulipa hoteli bila kazi hadi safari inayofuata. Mwenye mwenzi anabaki uwanjani, anapata pointi, anapata mechi dhidi ya watu wakali, na anapata senti za kusogea mji mwingine. Na mwili unadumu zaidi, kwa sababu uwanja mnagawana. Rohan Bopanna wa India alitwaa ubingwa wa Australia wa wanaume wawili Januari 2024, akiwa na Matthew Ebden, na alikuwa na miaka 43. Katika umri huo wachezaji wengi wa mmoja mmoja walishastaafu zamani.

Okutoyi mwenyewe anatuonyesha ugumu wa kutegemea njia moja. Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra, alishinda dhahabu ya mmoja mmoja. Dhahabu hiyo ingempeleka Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti kwamba awe ndani ya 400 bora wa dunia ifikapo mwezi Juni. Hakufika, na Paris hakwenda. Bara zima alilishinda, namba ikamzuia. Silaumu sharti, kila mashindano yana lango lake. Ninachosema ni kwamba nchi zetu zinaposubiri namba ya mtu mmoja ipande, zinasubiri jambo linalohitaji fedha nyingi za safari, fedha ambazo hazina.

Na sisi Burundi? Tuna majina. Hassan Ndayishimiye alikuwa Mrundi wa kwanza kucheza Wimbledon ya vijana. Sada Nahimana, aliyezaliwa mwaka 2001, alipita kituo cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa huko Casablanca, Morocco, kituo ambacho Okutoyi naye alikipitia. Mwaka 2018 alituwakilisha kwenye Olimpiki ya vijana mjini Buenos Aires, na baadaye akaingia ndani ya wachezaji 300 bora wa dunia kwa wanawake. Mwaka ule aliposafiri, wangapi kati yetu walijua kwamba bendera yetu inapepea kwenye tenisi? Na bado huyo ni mmoja. Mbele yake na nyuma yake pengo ni refu.

Hapa ndipo ninapotaka viongozi wa tenisi wanisikie. Mashindano ya mataifa ya Afrika, yale ya wanaume ya Davis Cup na yale ya wanawake ya Billie Jean King Cup, katika madaraja ya chini tunakocheza sisi huamuliwa kwa mechi tatu: mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili. Ukiwa na mchezaji mmoja mzuri kweli, atakushindia mechi moja. Ya pili mwenzake akipoteza, kila kitu kinaamuliwa na wawili. Sasa nchi yenye nyota mmoja, kama Burundi ilivyokuwa kwa miaka mingi, mechi yake ya kufa au kupona ni hiyo ya wawili. Halafu hiyo hiyo ndiyo mnayoichezea kwa kubahatisha, kwa kuwaunganisha wachezaji wawili ambao hawajawahi kufanya mazoezi pamoja zaidi ya siku chache? Hapo ndipo hesabu ya nusu inapotuumiza.

Jozi haipatikani kwa barua ya uteuzi. Inapatikana kwa watoto wawili wenye umri wa miaka 12 kuachwa wacheze pamoja, wagombane, wapatane, wajue nani anapanda kwenye wavu na nani anabaki nyuma, hadi wawe na lugha yao. Hilo halihitaji ndege. Linahitaji mwalimu anayeamini kwamba kuna kitu cha kufundisha hapo. Wala si lazima watoto hao watoke mji mmoja au nchi moja. Kigoma na mwambao wetu vinapakana, watu wanazungumza lugha moja, mabasi na mitumbwi vinakwenda. Mashindano ya vijana ya wawili wawili kati ya pande hizi mbili yangegharimu kidogo kuliko tiketi moja ya kocha na kiongozi wake kwenda mkutanoni Ulaya. (Samahani kwa viongozi wanaosafiri kwa kazi halali. Wanajijua, na wasiojijua tunawajua.)

Tatizo jingine ni kwamba tenisi imekaa Bujumbura, kwenye klabu, na ukanda huu wa ziwa umeachiwa mpira wa miguu. Mtoto wa aliyerudi kutoka Nyarugusu au Mtabila anacheza kandanda kwa sababu kandanda inahitaji mpira mmoja kwa watoto ishirini. Mtu akitaja tenisi anaona raketi ya bei na ukuta wa klabu. Kweli raketi ni ghali, na bila mkono wa chama au mfadhili hazitafika hapa. Lakini uwanja si ghali kama watu wanavyodhani. Ufaransa, kwenye mashindano makubwa ya Roland Garros, hawachezi juu ya saruji. Wanacheza juu ya matofali mekundu yaliyosagwa na kutandazwa sawasawa. Matofali si kitu cha kuagiza kutoka nje.

Na kwa shule au komine yenye eneo dogo, mchezo wa wawili una faida nyingine. Uwanja mmoja unaochezewa mmoja mmoja unashika watoto wawili, wengine wote wamekaa pembeni wakihesabu mawingu. Ukichezewa wawili wawili unashika wanne kwa wakati uleule, na raketi nne zinaweza kupokezana mikono kumi na sita kwa alasiri moja. Mwenye nia hahitaji ramani kutoka nje. Urefu ni mita 23.77. Upana kwa mmoja mmoja ni mita 8.23, kwa wawili ni mita 10.97. Nyuma ya kila mstari acha hatua za kutosha za kurudi, vinginevyo mtoto atagonga ukuta. Wavu katikati uwe na urefu wa sentimita 91, na kama hakuna wavu wa tenisi, wavu wa dagaa uliochakaa, ukikunjwa mara mbili na kufungwa kwenye nguzo mbili za mchikichi, utatosha kwa kuanzia.